Tone la Maji la Mama Vioo

Saa moja na robo asubuhi, watafiti wakiwa bado kwenye chai, mwanamke wa miaka hamsini na mbili anainamia sinki la maabara akisuuza vipande vya kioo vidogo kama kucha. Anahesabu kwa sauti. Akifika saba, anashika kingine.

Hapa wamembatiza Mama Vioo. Vioo vikikauka, huvipaka oksidi ya zinki, semikondakta, yaani kitu kinachopitisha umeme kwa kiasi tu, yenye chembe zisizoonekana kwa macho. Tone la maji huwekwa juu na kumulikwa kwa leza. Mwanga unaorudi hubeba alama ya kilichomo majini, na zile chembe huikuza alama hiyo hadi sumu kidogo mno ionekane.

Kila jaribio huwa na tone la maji safi la kulinganishia. Wiki tatu zilizopita maji hayo yaliisha, naye akachukua chupa yake ya kunywa aliyotoka nayo nyumbani.

“Nikasema, haya nimeyachemsha mwenyewe, yatakuwa na kasoro gani?”

Mashine ikaonyesha dawa ya kuulia wadudu. Mkuu wa maabara akamgombeza kwa kuosha ovyo. Akaosha upya vioo vitano, jibu likawa lile lile. Ndipo alipokiri maji yametoka wapi.

“Mjukuu wangu wa miaka miwili anakunywa hayo hayo.”

Kikulacho ki nguoni mwako. Maji ya bomba yalipopimwa yalikuwa safi. Sumu ilitoka kwenye pipa la bluu alilonunua kwa muuza mapipa mtaani, bila kuuliza lilibeba nini. Mwandishi wa makala haya ana pipa kama hilo jikoni kwake. Alimuuliza Mama Vioo alilisafisha vipi lake.

“Vioo vya kazini nasuuza mara saba,” anasema, macho chini. “Pipa la mjukuu nilisuuza mara moja, na sabuni ya kufulia.”

Mtoto amepimwa damu, majibu ni Alhamisi. Pipa amelitoboa kwa msumari wa moto, asije mtu akaliokota.

Mkuu wa maabara amemkubalia Jumamosi apime maji ya majirani walionunua mapipa kwa muuzaji yule. Chupa kumi na mbili zimeshapangwa mezani, zina namba za nyumba. Moja imetengwa kando.

“Hiyo ya binti yangu, ana mimba ya miezi mitano,” anasema. “Nimeshamwambia asiyaguse. Pipa lake nilimnunulia mimi, zawadi ya kuhamia. Jumamosi naanza na yake.”