Ufa Juu ya Kijiji Kipya

Tetemeko lenyewe halikuua mtu. Lilipasua ukuta wa kanisa, likaangusha vyungu, na watu wa Lukozi wakalizungumza sokoni mpaka wakachoka. Mimi nilikuwa mpimaji wa ardhi wilayani, nikatumwa kukagua bonde moja ambako familia zilikuwa zikihamishiwa katika kijiji cha ujamaa. Miongoni mwao walikuwamo dada yangu mkubwa na mumewe.

Nilipanda kwa kufuata korongo. Mawe mapya yalikuwa yamerundikana mtoni, yamebanana na magogo. Juu zaidi, ukingoni mwa msitu, ardhi ilikuwa imechanika ufa mrefu. Mguu wangu uliingia hadi gotini. Nikapigilia vigingi kila upande wa ufa, nikafunga kamba kati yake. Niliporudi baada ya mvua za kwanza, kamba ilikuwa imekatika. Mteremko ule ulikuwa unasogea. Mvua kubwa ikija, udongo, mawe na magogo vingeshuka pamoja kama uji mzito, na korongo lilielekea moja kwa moja kwenye nyumba mpya.

Nilimpeleka mkuu wetu wa wilaya palepale, nikamwonyesha.

"Ndugu," alisema akifuta matope viatuni, "barabara inapita hapa, shule itajengwa hapa. Unataka wananchi wakaishi juu msituni na mbega?"

"Wakae hata ng'ambo, mzee, kwenye mgongo wa kilima. Hapa ni njia ya mlima."

"Mlima nao una njia?" Akacheka, na waliofuatana naye wakacheka.

Haukupita muda nikahamishiwa Mnazi, huko tambarare, kupima mashamba yasiyo na kilima hata kimoja.

Kabla ya kuondoka nilikwenda kwa dada. Alikuwa akikandika ukuta, udongo umemfika viwikoni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Nilimsihi arudi kwao juu.

"Nirudi wapi? Nyumba ile wameibomoa. Waambie wao, wewe ndiye msomi."

"Nimewaambia."

"Basi." Akaendelea kukandika.

Masika yalipokolea, mlima ulishuka mchana, watu wengi wakiwa shambani, dada naye akiwamo. Shemeji alikuwa amelala ndani, ana homa. Nilirudi kutoka Mnazi, tukamchimbua chini ya mawe karibu na barabara, mbali na pale nyumba ilipokuwa.

Mkuu alikuja mazikoni. Akasimama kando ya kaburi, akasema ni kudra ya Mungu, hakuna binadamu aliyeweza kujua.

"Mimi nilijua," nikasema kwa sauti. "Na wewe nilikuonyesha."

Hakunitazama. Mzee mmoja wa kanisa akanishika bega, akaniambia kwa Kishambaa ninyamaze, tunazika. Nikanyamaza, naye mkuu akamalizia hotuba yake.

Baadaye kijiji kilihamishwa, na mkuu akasifiwa kwa kuchukua hatua haraka.

Miaka ikapita bila dada kuligusa jambo lile. Kisha siku moja, tukiwa jikoni kwake tunamenya viazi, akaniambia bila kuinua macho:

"Afadhali usingeniambia kitu siku ile."

"Kwa nini, dada?"

"Wajane wengine walilia waume zao, wakamaliza. Mimi kila nikitaka kumlilia mume wangu, hasira inatangulia."

Nikachukua kiazi kingine, nikaendelea kumenya.