Dawa ya Goti Mwezi wa Ramadhani

Nichekeni tu, ila siku ile mie nilikuwa nimefunga. Nauza dawa za asili Buguruni, na dawa yangu ya goti naichanganya na kimiminika cha duka la kemikali, kinachopenyeza mitishamba ndani ya ngozi. Mchana wa Ramadhani nilijipaka, nikaenda Chanika kumwona mama mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba... We! Mbona unanuka kitunguu swaumu? Umekula!"

Mawifi wakaguna. Niliwaapia kuwa ni dawa, inapakwa gotini na harufu inatokea mdomoni. Nani aniamini? Hasira zikanipanda. Nikamwambia mama anipe goti lake linalomsumbua, nikampaka mbele yao wote.

Haikupita nusu saa, mama akakunja uso, akaanza kulambalamba midomo. Wifi akamsogelea, akanusa, akaruka nyuma. "Mama, na wewe unanuka!"

Nikasimama, mikono kiunoni. "Haya, nani kala hapa? Mnaona dawa yangu inavyofika hadi mdomoni?"

Mama mkwe akanitolea macho. "Hadi mdomoni? Kwa hiyo umenifuturisha saa nane mchana!"