Mikono ya Sekunde

Watu wa mtaa walimwita Sekunde, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Kwa miaka mingi alikaa katika kibanda chake cha kutengeneza saa, lenzi imebanwa jichoni, na kila mteja aliyeharakisha alijibiwa neno moja tu: "Sekunde." Sekunde hiyo iliweza kumeza asubuhi nzima. Lakini saa ikitoka mikononi mwake ilikuwa imepona kweli, kwa hiyo watu walisubiri, wakanuna, wakarudi tena.

Kisha mikono ikaanza kutetemeka. Ilianza kidogo kidogo, kama ya mtu aliyezidisha kahawa. Siku moja skrubu ndogo kuliko punje ya ufuta ikamponyoka, akaitafuta sakafuni kwa magoti mpaka mteja akaona haya kwa niaba yake, akasema atapita siku nyingine. Daktari alisema dawa zitapunguza, hazitaondoa. Mkewe, nesi mstaafu ambaye mtaa mzima bado ulimwita Sista, alilijua hilo kabla ya daktari. Alikuwa ameiona chai ikimwagikia kwenye kisahani asubuhi baada ya asubuhi, akanyamaza.

Sekunde akafunga kibanda. Akabeba koleo, brashi na lenzi yake, akaja navyo nyumbani kama mtu anayerudi na nguo za marehemu.

Nyuma ya nyumba, chini ya paa la mabati, jirani na kamba ya kuanikia nguo, lilikaa gari. Alilinunua ujanani kutoka kwa mwalimu mkuu mmoja aliyekuwa akistaafu, na hata wakati huo lilikuwa limeshakuwa la kizamani: taa za mviringo, rangi ya maziwa yaliyolala, usukani mwembamba kama bangili. Liliwapeleka watoto shule, likampeleka Sista kujifungua, halafu likachoka na kupumzishwa. Sekunde hakuacha kulifuta vumbi. Sista aliliita mke mwenzake.

"Mke mwenzangu kaoga leo," alikuwa akisema akianika mashuka. "Mimi hata kuulizwa nimeamkaje, hakuna."

Juma lile alilofunga kibanda, Sekunde alisimama mbele ya gari, mikono kaificha mifukoni.

"Skrubu za saa zimenikataa," alimwambia mkewe. "Lakini bolti za gari ni nene kama vidole. Mkono huu bado unaweza kushika bolti. Nitalifufua, Sista, mimi mwenyewe. Nikishindwa na hili, basi mimi si fundi tena. Nitakuwa mzee wa kukaa kivulini kungoja kuitwa kula."

Sista akarudi kwenye kamba yake ya nguo. Alikuwa amewaona wagonjwa wengi wakijiwekea masharti ya namna hiyo.

Kazi ikaanza, na ilianza vizuri. Sekunde alilifungua gari kama anavyofungua saa. Silinda hedi, lile bamba zito linalofunika injini kwa juu, aliliweka kwenye meza ya kulia chakula, juu ya kitambaa cheupe, na kuanzia siku hiyo wenye nyumba wakawa wanakula jikoni. Kila bolti aliisugua kwa mswaki na mafuta ya taa, akaichomeka kwenye kadibodi katika nafasi yake kamili, ili isije ikaenda kwa jirani. Alivaa lenzi kukagua kitu ambacho mtu angeweza kukiona akiwa barabarani. Na pale kitu kilipokataa kutoka hakukilazimisha. Alikisubiri. Hiyo ndiyo iliyokuwa dini yake kibandani: kitu kikikataa, usikilazimishe, kiulize.

Akafunga gasketi mpya, kizibo chembamba cha kuzuia maji yasiingie kwenye oili, akarudisha silinda hedi, akakaza bolti moja moja. Na hapo ndipo alipokosea, kosa ambalo fundi wa magari hawezi kulifanya hata akiwa usingizini. Alikaza kwa vidole vya fundi saa. Kila bolti ilipogusa mahali pake na kutulia, aliiacha, maana katika saa, ukiongeza pumzi moja baada ya hapo, umeua.

Gari liliwaka. Sekunde alisikia ule mngurumo, akafumba macho. Halafu ekzosi ikatoa moshi mweupe uliotanda mpaka kwenye mashuka ya Sista, na injini ikakohoa, ikanyamaza. Alipochomoa kijiti cha kupimia oili, oili ilikuwa nyeupe kama chai iliyozidi maziwa. Maji yalikuwa yamepenya.

Moshi ule ulimleta Grisi, fundi wa gereji ya mtaa wa pili, bila kuitwa. Grisi aliinama juu ya injini, akaijaribu bolti moja kwa spana. Ikazunguka kama kifuniko cha chupa.

"Mzee wangu Sekunde!" alicheka mpaka akashika bampa. "Hizi bolti umezikaza au umezibembeleza? Hii siyo saa, baba. Hii injini inataka mtu wa kuitukana! Shusha chuma hicho nije nikichukue, gereji ni kazi ya asubuhi moja."

"Ahsante, mwanangu. Nitamaliza mwenyewe."

"Haya. Lakini siku nyingine ule kwanza, ndipo ukaze."

Alisema kwa utani, kama vijana wanavyotania wazee wanaowapenda. Sekunde alicheka naye mpaka getini. Aliporudi hakuwa akicheka.

Akaanza upya. Gasketi nyingine, usafi uleule, kadibodi ileile. Safari hii alipofika kwenye kukaza, alichomeka bomba refu kwenye mpini wa spana ili apate nguvu, na kila bolti aliivuta kwa kicheko cha Grisi masikioni. Iliyo karibu na rejeta ilikuwa imeshakaza, alijua imeshakaza, vidole vyake vilimwambia. Hakuviamini tena. Akavuta.

Haikulia sana. Ilitoa mlio mdogo, kama mtu anayevunja kijiti cha kiberiti. Spana ikatoka na kichwa cha bolti na nusu ya mwili wake, na nusu ya chini ikabaki imezama ndani ya injini.

Sekunde akaiweka spana chini. Kisha akafungua zote tena, akalitoa bamba, akaliangalia shimo. Kipande kilikuwa chini, kimekatika vibaya, hakishikiki kwa koleo. Alijua dawa yake. Unagonga alama katikati kabisa ya kile kipande, unatoboa tundu jembamba kwa drili, unaingiza chuma chenye meno ya kinyume, unakizungusha, kinatoka nacho. Lakini katikati maana yake ni katikati. Drili ikiteleza unywele mmoja itaula ukuta wa injini, na pembeni ya ukuta ule kuna njia ya maji. Ukitoboka, gari ni chuma chakavu.

Akashika drili. Ncha yake ilicheza juu ya shimo kama nzi asiyejua atue wapi. Akaegemeza kiwiko kwenye fremu. Akashika kwa mikono miwili. Akabana pumzi, kama alivyokuwa akifanya kwenye saa za wanawake, zile ndogo kabisa. Akagusa, ncha ikateleza, ikachora mstari mng'avu ukingoni mwa shimo. Akainua drili haraka. Akajaribu tena, mstari wa pili ukaupita wa kwanza. Kila alivyotamani mikono itulie, ndivyo ilivyozidi. Mwishowe akaiweka drili chini, akakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, akaipiga mikono yake kwenye mapaja, mara ya kwanza, ya pili, kwa nguvu, kama anayemchapa mtoto asiyesikia.

"Acha," alisema Sista.

Alikuwa amesimama kwenye kamba ya nguo, beseni kiunoni. Sekunde hakujua alikuwa hapo tangu lini.

"Imekwisha," alisema bila kumtazama. "Mwite Grisi aje alichukue. Akitaka kulifanya banda la kuku, na afanye."

"Grisi yupo, hakimbii. Katikati ni wapi?"

"Nini?"

"Nyumba hii siku zote unasema, katikati, katikati. Nionyeshe." Alikwisha weka beseni chini, anajifuta mikono kwenye kanga. "Nimewachoma sindano wanaume wazima wanaorusha mateke, Baba. Hiki chuma kimelala, hata hakilii."

Sekunde alitaka kukataa. Akiitikia, lile alilojiapiza mwenyewe, kwamba akishindwa si fundi tena, limeshatimia, na hakuna wa kulibadilisha. Alikaa pale kwenye ndoo na kulijua hilo barabara. Halafu akabana lenzi jichoni, akainama.

"Nyuma kidogo," alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Umepitiliza. Rudi. Inua mkono wa kulia, umelala. Hapo. Hapo hapo, usipumue."

Drili ikalia. Vumbi la chuma likapanda, jembamba, linang'aa. Mkono wa Sista haukucheza. Alipoingiza kile chuma cha meno na kukizungusha, kipande kiligoma, Sista akangoja, akajaribu tena taratibu, kikatoka. Akakiweka kwenye kiganja na kumnyooshea mumewe.

"Huyo, kazaliwa."

Sekunde alitabasamu kwa sababu alitakiwa kutabasamu.

Siku iliyofuata walirudisha bamba. Bolti mpya aliishika yeye, akataka kuianzisha kwa vidole. Ikaingia upande, akaitoa. Ikaingia upande tena. Akaitazama. Akampa mkewe.

"Weka wewe."

Sista akaiweka, akaizungusha mpaka ikagusa mahali pake, akashika spana. "Nikaze kiasi gani?"

Maisha yake yote Sekunde hakuwahi kulijibu swali hilo kwa maneno. Kiasi kilikaa kwenye ncha za vidole, hakikuwahi kupanda mpaka mdomoni, na sasa vidole vilikuwa mashahidi wa uongo, kwanza vilikaza kidogo, kisha yeye akavikana. Sista alingoja, spana mkononi.

"Kama bandeji?" Sista akauliza. "Ishike, lakini isizuie damu?"

"Zaidi. Kama..." Akaitazama spana. "Kama ya mfupa uliovunjika."

"Ahaa." Akavuta, uso umekunjamana, akasita, akavuta tena kidogo, akaacha. "Hapo?"

Hakujua. Hakukuwa na namna ya kujua akiwa amesimama pembeni. "Hapo," alisema.

"Inayofuata ipi? Maana najua hazikazwi kwa mstari, nilikuwa nakusikia ukijisemea."

Sekunde akanyoosha kidole kuonyesha. Kidole kikatangatanga kati ya bolti mbili, kikaenda kwa hii, kikarudi kwa ile. Sista alikifuata kwa macho, huku na huku, mpaka akashindwa.

"Hii au hii, Baba?"

Akaurudisha mkono mfukoni.

"Ya kushoto," alisema.