Siku Seva ya Embu Ilipobadilika Alama

Watu wa Laare hawapendi kupimwa damu Laare. Huja hadi Makutano, mjini Meru, ambako hakuna jirani wa kuwaona wakiingia maabara. Kajuju alilijua hilo vyema. Alizaliwa Laare, mtoto wa wafungaji wa miraa, na kwa miaka sita ya kutunza majibu ya vipimo katika maabara moja ya Makutano hakuwahi kutaja jina la mgonjwa, hata mezani kwa mama yake.

Mwaka huu wenye maabara walihamishia majibu yote kwenye seva iliyoko Embu. Fundi wao, Gitari, alikuja kumwekea Kajuju programu ya kuifikia seva hiyo kupitia mtandao. Aliandika anwani ya seva na namba ya mlango wake wa mtandao, kisha akabonyeza. Kisanduku kikatokea kikiuliza kama seva hiyo inaaminika.

"Hii ni alama ya seva, kama ya kidole chako kule kwa kitambulisho," Gitari alieleza. "Programu haijawahi kuiona. Bonyeza Ndiyo, madam, tusilale hapa."

Kajuju, ambaye hakutaka kumsumbua fundi mara mbili, aliandika daftarini: Ikiuliza, bonyeza Ndiyo.

Kwa wiki tatu haikuuliza. Jumatatu iliyofuata ikauliza, kwa maneno mengi kuliko ya kwanza. Nje kulikuwa na foleni. Kajuju akabonyeza Ndiyo, akaandika neno lake la siri, na majibu yakafunguka kama kawaida.

Jumatano asubuhi Gitari alipiga simu kumjulia hali.

"Kazi iko sawa," Kajuju alisema. "Ila Jumatatu seva yenu ilijitambulisha upya kama mgeni. Imeanza kuzeeka?"

Gitari hakucheka. "Ulibonyeza nini?"

"Ndiyo. Si ni wewe ulinifundisha?"

"Hiyo ilikuwa ya mara ya kwanza tu. Sisi huku hatujabadilisha kitu. Alama ikibadilika, huenda kuna mtu amekaa kati yako na seva. Na neno la siri umempa."

"Tangu Jumatatu?"

"Chomoa waya wa mtandao, Kajuju. Sasa hivi."

Aliuchomoa. Orodha ya majina ilibaki imeganda kwenye kioo.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Alikuwa Kanana, mke wa shemasi wa Laare, aliyekuja kuchukua majibu yake. Aliufunga mlango nyuma yake, akamnyooshea Kajuju simu. Ujumbe ulitoka namba isiyojulikana: Kanana, majibu yako tumesoma. Mzee wako tumwambie?

"Mimi mwenyewe sijayaona," Kanana alisema kwa sauti ya chini. "Umemwambia nani?"

Kajuju angeweza kuilaumu mashine.

"Keti, dada," alisema. "Sikumwambia mtu. Lakini ni mimi niliyewafungulia."

Nje, kwenye benchi la wanaosubiri, simu ya mtu ikatoa mlio wa ujumbe. Kisha ya mwingine.