Shuka Isiyofaa Vitani

Kwenye mchezo wetu wa kompyuta, kazi yangu ilikuwa kubuni vifaa vya uchawi. Mwenzangu alikuwa Nairobi akiandika programu. Mimi nilikuwa Busia nikifikiria pete, kofia na fimbo ambazo mchezaji angeziokota njiani. Yeye alitaka panga za moto. Panga za moto zinanichosha. Nikamletea viatu visivyoshika matope siku ya soko peke yake, na kengele inayolia ukiuziwa pombe ya waragi iliyoongezwa maji. "Boss," akaniambia kwa simu, "hivi vitu vinamfaa mtu mmoja, mara moja maishani." Nikamjibu kwamba huyo mmoja atatushukuru sana.

Wakati huo mama mkwe alikuja kukaa kwetu akitibiwa kidonda cha mguu kule hospitali ya Alupe. Kwetu, mtu na mama mkwe wake hawaonani ana kwa ana, hawashikani mikono, hawali pamoja. Na nyumba yenyewe ni vyumba viwili na pazia. Alimwambia mke wangu waziwazi: siku heshima ikivunjika, anarudi kijijini, mguu upone usipone. Daktari naye alishasema akiacha dawa katikati, mguu utakatwa. Basi nikawa nakohoa kabla ya kuingia nyumbani kwangu mwenyewe, ili apate nafasi ya kujifunika leso.

Hapo ndipo nilipobuni ile shuka: wawili wakijifunika, wanakaa chumba kimoja bila kuonana. Vitani haifai kitu. Mwenzangu alicheka mpaka akakohoa, lakini shida yangu ilikuwa nyingine. Kifaa kisichomgharimu mvaaji chochote kinaharibu mchezo, na gharama ya shuka sikuwa nimeipata. Nilikuwa nikimlalamikia mke wangu hivyo, mama mkwe akamwambia paka kutoka upande wa pili wa pazia, maana mimi hangeweza kuniambia: "Paka, mwambie mwenye nyumba, aliyejifunika asimsikie mwenzake akiita."

Ala! Mimi nimeumiza kichwa wiki nzima, yeye amepata jibu akimenya njugu. Niliudhika, kisha nikaandika vilevile alivyosema.

Asubuhi moja mke wangu alienda soko la Bumala kununua ndizi. Nikasikia kishindo upande wa mama mkwe, halafu kimya. Nikakohoa. Nikamuuliza paka kama kuna mtu ameumia. Hakuna aliyejibu. Nikatoka mbio kutafuta jirani wa kike, lakini milango yote ilikuwa na kufuli. Watu wako sokoni. Niliogopa, tena sana. Nikimwacha pale, anaumia. Nikiingia, nimemfukuza.

Niliingia. Alikuwa sakafuni, bendeji imelowa damu. Aligeuza uso ukutani.

"Usiniangalie," alisema. Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu nimuoe binti yake. "Nishike tu."

Nilimwinua nikiangalia mabati ya paa, nikamlaza kitandani, nikatoka. Nikakaa mbele ya kompyuta bila kuandika lolote. Nilijua jioni atafunga mzigo wake.

Mke wangu aliporudi, nilimsikia akishtuka. "Mama! Umeanguka? Ni nani alikuinua?"

"Jirani."

"Jirani gani, na wote wako sokoni?"

"Nimesema jirani," mama mkwe akajibu. "Na kesho unipeleke Alupe mapema, hii bendeji ibadilishwe."