Tuliuza ng'ombe wa kugabiwa tukanunua graphics card ya kutisha, processor ikatuumbua Omurushaka

Wakuu, salamu kutoka Karagwe, huku kwenye migomba na baridi la asubuhi.

Ninachoandika nimekiona kwa macho yangu. Mashine yenyewe ipo Omurushaka, anayeona hii ni chai apande gari aje aishike kwa mkono.

Kwanza nitoe shukrani za pekee kwa wazee wa "processor ni mapambo". Mungu awazidishie elimu. Mmebakiza kidogo tu mumrudishe mtu shambani.

Iko hivi.

Nina rafiki yangu anaitwa Elias. Kwao Mabira, Kyerwa. Mimi kwetu Rugera. Tumesoma wote sekondari, tumelala njaa wote. Mimi nikimwita mjinga ni ruksa, nina leseni. Wewe ukimwita mjinga tunakunjana.

Elias alitaka kufungua sehemu ya game pale Omurushaka, karibu na wanapopanda mabasi ya Bukoba. Mtaji hana. Alichokuwa nacho ni ng'ombe mmoja jike, mwekundu wa kukolea, anaitwa Bihogo. Aligabiwa na mjomba wake, mzee Gervas.

Kwa msiojua: asili ya kina Elias ni Rwanda, na kwao mjomba akikugabia ng'ombe hajakupa zawadi ya birthday. Amekufunga kamba ya undugu. Ng'ombe akizaa unakumbuka alikotoka, unarudisha ndama. Kumuuza hivi hivi ni matusi.

Jamaa akaenda kuomba ruhusa. Ndugu zake mzee Gervas wakakataa kabisa, wakasema mtoto kalogwa na simu. Mzee peke yake akasimama upande wake.

"Auze," akasema. "Ila siku ya gulio nitashuka Omurushaka na hawa wanaobisha, nione Bihogo kageuka nini. Nikikuta mzoga, Elias, unarudi kupalilia migomba yangu. Na mimi sitaongea tena kwenye kikao cha ukoo."

Kwa hiyo haikuwa kompyuta tu. Mzee wa watu kaweka heshima yake mezani.

Sasa Elias kufika sokoni na hela ya ng'ombe, akauliza wapi ushauri? Humu humu. Mkamjibu fasta, kwa upendo: "Kadi ndiyo kila kitu mkuu, processor weka yoyote."

Mimi nilimwambia, chukua kadi ya kawaida, hela inayobaki weka kwenye processor. Akaniuliza nimesomea wapi.

Sijasomea popote. Nimejifunza kwa kufungua mashine za watu na kuzifunga huku nikiomba Mungu skrubu zisibaki. Lakini nimejifunza.

Halafu muelewe, huyu katoka kwa watu wanaosifia ng'ombe kwa pembe. Alipoiona kadi ina feni tatu, ndefu kama mkono wa mtu, kwake zile ni pembe. Basi, kwisha.

Akachukua kadi ya GB nane. Akachukua na power supply ya kuibeba. Akanunua na feni za taa za rangi.

Ikabaki hela ya box lenyewe: mtumba wa ofisini, processor ya core mbili. Kamashine ka kuandikia barua za kikao. Akakakata ubavu, akaweka plastiki ya kioo ili taa zionekane.

Tukawasha. Wakuu, iliwaka kama harusi.

Tukafungua game ya mpira. Menyu safi. Wachezaji wanaingia uwanjani, hadi jasho la shingoni unaliona. Refa akapuliza filimbi.

Ikaganda.

Ikatembea kidogo, ikaganda. Mchezaji anapiga shuti, mpira uko golini, mguu wake bado uko nyuma.

Nikafungua task manager. Processor asilimia mia, inahema. Kadi haifiki hata robo, imekaa inapigwa upepo na feni zake tatu.

Ngoja nieleze kwa lugha ya huku, kwa faida ya wazee wa mapambo. Processor ndiyo inayoandaa kazi, kadi ndiyo inayochora. Sisi tulinunua sufuria la harusi, halafu mmenyaji wa ndizi tukaweka mmoja, na kisu chake butu. Sufuria likiwa kubwa ndiyo atamenya haraka?

Kuna dereva boda anaitwa Deus, ndiye alikuwa mteja wetu wa kwanza. Akaangalia, akasema, "Elias, mashine yako ina kwikwi. Mpe maji."

Watu wakacheka. Mimi damu ikapanda. Nikamwambia atoke, na hiyo kwikwi aende nayo kijiweni kwake. Akatoka. Wateja wote wakamfuata.

Uaminifu wangu kwa rafiki yangu ndio ukafunga biashara siku ile ile ya kufungua. Hongera kwangu.

Elias alikaa anaangalia zile taa. Gulio lilikuwa keshokutwa.

Ndipo nikamkumbuka Bi Mwanaidi.

Bi Mwanaidi ana stationery mlango wa pili. Babu yake alikuja huku na biashara kutoka Tanga, na ulimi wa pwani haujaisha makali. Niliwahi kumsafishia kompyuta yake vumbi. Ni box lile lile kama la Elias, toleo lile lile, ila ndani yake kuna core nne na ina speed hatari. Mwanawe alimletea. Anaandikia barua za kuomba kazi.

Dume la kulimia shamba zima, limefungwa linachungulia bustani ya mchicha.

Nikaingia dukani mbio. "Bi Mwanaidi, ile processor yako..."

"Salamu umeiacha Rugera?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Haya, anza upya, na upunguze sauti, mimi si kiziwi."

Nikamweleza yote, ng'ombe, mjomba, gulio. Nikamwambia na ukweli kwamba tukibadilishana, yake itakuwa nzito kuliko ilivyo sasa.

"Barua ya kuomba kazi inataka core ngapi?"

"Hata moja inatosha."

"Sasa unanitisha na nini? Chukueni. Ila zile taa za rangi nazitaka. Na ule ubavu wa kioo. Duka langu limekuwa kama kaburi."

Elias aligoma. Wallahi aligoma. Kang'ang'ania taa kama mtu anayeombwa figo.

Nikamwambia, "Elias, pembe hazikamuliwi."

Akaninunia. Halafu akachukua bisibisi mwenyewe.

Kwa sababu box ni moja, vitu viliingia vizuri. Processor ikakaa kwenye soketi yake, tukapaka thermal paste, taa na ubavu wa kioo vikaenda kwa Bi Mwanaidi, ubavu wa bati la kijivu ukaja kwetu. Bi Mwanaidi akachapa barua moja ya majaribio, akasema mbona iko vilevile.

Sisi tukafungua game. Mpira ukatembea. Mguu na shuti vikafika pamoja, kama Mungu alivyopanga.

Kisha nikaenda kijiweni kwa Deus. Msamaha sikuomba. Nilimwambia zamu ya kwanza siku ya gulio ni yake bure. Kila mtu ana lugha yake.

Siku ya gulio mzee Gervas akashuka na ndugu zake, kofia kichwani, fimbo mkononi. Wakapita kwanza dukani kwa Bi Mwanaidi. Kompyuta inawaka bluu, nyekundu, kijani.

Mzee akasimama, akawageukia ndugu zake. "Mnaona? Huyo ndiye wangu. Mtazameni anavyong'aa."

"Karibu baba," Bi Mwanaidi akasema. "Unatoa kopi ngapi?"

"Nimekuja kumwona ng'ombe wangu."

"Ng'ombe wako yuko mlango wa pili. Yule wa kijivu."

Ndugu zake walicheka hadi wakashika ukuta. Wakaingia kwetu bado wanacheka. Mmoja akasema, "Gervas, hiki si kibweta cha nguo?"

Nilitaka kumjibu. Elias akanikanyaga mguu.

Ila benchi lilikuwa limejaa. Watu wanagombea zamu, Deus anacheza, hajui hata hawa ni kina nani. Mzee alipojisogeza mbele aone, Deus akasema bila kugeuka, "Mzee wangu, foleni inaanzia kule. Hapa zamu ya mtu hairukwi."

Mzee akazunguka nyuma ya box, akaweka kiganja pale hewa ya moto inapotokea. Akakiacha hapo.

"Anapumua," akasema. "Anaitwa nani?"

"Hana jina mjomba. Ni kompyuta."

"Ng'ombe wa kugabiwa hakosi jina."

Elias akaliangalia lile box la kijivu. "Bihogo."

Mzee akawageukia ndugu zake. "Mmesikia. Bihogo hajafa." Akaenda kukaa mwisho wa benchi, akasubiri zamu yake. Alifungwa vibaya na Deus, lakini hilo yeye halimhusu.

Siku hizi watu wanakuja wanauliza, "Bihogo ana nafasi?"

Somo langu ni fupi. Ukiwa na bajeti ndogo, gawanya. Usimalizie kwenye kadi halafu processor uiokote njiani. Hadi leo ile kadi yetu haifiki mwisho wa nguvu zake, ina GB za kuangalia tu. Tungenunua ndogo yake tusingemsumbua Bi Mwanaidi.

Na kabla ya kununua, cheza game kwenye mashine ya mtu, fungua task manager, angalia nani anahema na nani amelala.

Haya, wekeni hapa processor zenu na kadi zenu tuone nani kafuga pembe. Na wewe mzee wa "weka yoyote", nakujua kwa ID yako. Njoo Omurushaka siku ya gulio, umwelezee mzee Gervas hayo mapambo. Nauli ya kurudi uwe nayo mwenyewe.