Jina la Kinue Pembeni mwa Chapa

Kinue Hatakeda alikuwa na miaka sitini na mmoja, na arobaini kati ya hiyo aliimaliza akichapa mahekalu ya Kyoto kwenye karatasi. Marehemu mumewe, Denjiro, ndiye aliyechonga vibao vya mbao vya kuchapia. Kinue alivipaka rangi, akalaza karatasi juu yake, akaisugua karatasi mgongoni kwa kisugulio cha ganda la mwanzi. Jina lililopigwa muhuri kwenye picha lilikuwa la Denjiro peke yake. Patasi hakuruhusiwa kuigusa. "Mkono wako una kazi yake," mumewe alizoea kumwambia.

Asubuhi moja ya Februari akaingia karakanani kwa Kinue mwanamke mrefu mfano wa mnazi, akajigonga kichwa mlangoni. Aliitwa Birgit, Mdenmaki, na Kijapani chake kilikuwa cha kuokoteza. Alibeba vibao sita alivyochonga mwenyewe.

"Mwalimu, nimeshindwa kuvichapa. Rangi zinakimbiana."

Kinue akatazama mchoro. Lilikuwa hekalu la mtaani kwake, ndani ya mvua, ila juu ya paa zilipita nyaya za umeme, na langoni iliegemezwa baiskeli.

"Hekalu gani hili lenye nyaya?"

"Ndivyo lilivyo. Nenda ukaone."

Kinue alicheka, lakini mchana akaenda. Alisimama uani, shingo juu, mpaka mtawa akatoka na ufagio wake.

"Mama Hatakeda, umepotewa na nini huko angani?"

"Hizi nyaya, mtawa. Zimewekwa lini?"

"Nikiwa hata sijaota meno ya utu uzima! Leo ndiyo unaziona?"

Kinue aliona haya. Alikuwa amelichapa hekalu lile mara elfu kadhaa, na kumbe hakuwahi kulitazama. Jioni ile ile akampelekea Birgit neno kwamba kazi ameipokea.

Kazi yenyewe ilimtoa jasho. Karatasi kumi na mbili za kwanza ziliharibika, paa likikaa pembeni kama kofia ya mlevi. Kinue akageuza vibao, akapapasa zile alama za pembeni zinazoshika karatasi isisogee. Akaguna.

"Wewe ni mashoto?"

"Ndiyo, mwalimu. Nina kosa?"

"Kosa halipo kwenye mkono wako. Alama umezichonga upande usio wake. Inabidi zichongwe upya."

Birgit akamnyooshea patasi. Kinue akairudisha mikono nyuma.

"Mimi si mchongaji."

"Mimi nitakosea tena. Wewe unajua zinapotakiwa kukaa."

Kinue alitazama picha ya mumewe ukutani. "Utanisamehe, baba," akanong'ona, akaishika patasi. Vibao vilikuwa vya mcheri, mti mgumu, na kidole alijikata mara mbili. Lakini vibao vyote sita vilipomalizika, karatasi ikalala mahali pake, na paa likakalia nguzo zake, na mvua ikashuka ilivyopaswa kushuka. Walichapa nakala arobaini kwa siku tisa.

Siku ya mwisho Birgit aliandika jina lake chini kwa penseli, kisha akampa penseli hiyo Kinue.

"Niandike nini?"

"Jina lako. Nani mwingine kachapa?"

Kinue aliisogeza karatasi mbali kidogo, isije ikalowa machozi, akaandika. Sahihi ya kwanza ilitoka imepinda. Kufikia ya kumi, aliandika kama mtu anayejaza fomu.

Birgit alirudi kwao mwezi wa Aprili. Kabla ya mwaka kwisha, Kinue alikuwa amenunua ubao wake mwenyewe, akachonga nguo zilizoanikwa nyuma ya zahanati, soksi moja ikiwa imeanguka. Majirani walimwuliza nani atataka picha ya soksi.

"Mimi naitaka," aliwajibu.

Alipofikisha miaka sabini alikuwa na picha kumi na tisa zake mwenyewe, na wanawake wawili waliokuja kila Jumatano kujifunza kuchonga.